Naomba ushauri: Wageni 19, oveni moja, meza ya Thanksgiving naipangaje?

MamaWawili (Columbus, Ohio)

Habari zenu wakuu. Mwaka huu chakula cha Thanksgiving (sikukuu ya shukrani ya Marekani) kinaliwa kwangu, Alhamisi ya nne ya Novemba, saa tisa alasiri. Watu wazima 14, watoto 5. Familia ni nne: sisi wa Tanga, majirani Wamarekani weusi wenye asili ya Georgia, Wakongo wa Bukavu, na wifi yangu aliyeolewa na Mmarekani mwenye asili ya Italia. Karibu nusu ya wageni ni Waislamu. Oveni ni moja, ya kawaida.

Naomba kujua kila familia hutarajia kukuta nini mezani, nichukue bata mzinga wa ukubwa gani, na nimfanyeje asikauke. Pilau nitapika, hilo halina mjadala.

FundiJiko (Dallas)

Dada, kwa hesabu ya kawaida bata mzinga ni paundi moja hadi moja na nusu kwa mtu, mifupa ikiwemo. Lakini meza yako ina pilau na mboga za nyumba nne, kwa hiyo paundi 14 zinatosha. Usichukue wa paundi 22. Hataingia vizuri kwenye trei, atakaa ndani saa tano, na kidari kitakuwa pamba.

Akiwa wa barafu, ndani ya friji anahitaji saa 24 kwa kila paundi nne au tano. Yaani wa paundi 14 ni siku tatu hadi nne. Mtoe Ijumaa ya wiki iliyotangulia au Jumamosi asubuhi, mweke rafu ya chini juu ya trei ili maji yasidondokee vyakula vingine. Wengi hukosea hapa: wanamtoa Jumatatu jioni, Alhamisi nje yuko laini na tumboni bado ni jiwe. Ukichelewa, mzamishe kwenye maji baridi akiwa ndani ya mfuko wake, nusu saa kwa kila paundi, na maji ubadilishe kila nusu saa. Usimwache juu ya meza usiku kucha.

Jumanne usiku mpake chumvi. Kwanza soma lebo. Ikisema ametiwa maji ya chumvi, asilimia 8 kwa mfano, usimwongezee chumvi, mpake viungo tu. Kama hakutiwa kitu, chumvi ya chenga kubwa vijiko vikubwa vitatu kwa ndege mzima. Ukitumia chumvi laini ya mezani, kijiko kimoja na nusu. Mweke kwenye friji bila kufunikwa hadi Alhamisi. Chumvi inavuta maji, maji yanayeyusha chumvi, kisha nyama inayanywa tena, na ngozi inakauka hadi ukiigusa ni kama karatasi. Ngozi ya hivyo ndiyo inayoiva ikalia kwa meno. Na usimwoshe kwenye sinki, maji yanarusha vijidudu jiko zima. Mfute kwa taulo za karatasi.

Sasa kukauka. Kidari huiva mapema, paja huchelewa, na ndege mzima akisimama kwenye trei mapaja yanajificha chini. Ukisubiri paja, kidari kimeshakwenda. Dawa ni kumpasua: mlaze kifudifudi, shika mkasi mzito wa jikoni, kata pande zote mbili za uti wa mgongo kuanzia mkiani mpaka shingoni, uutoe. Mgeuze, mkandamize kifua kwa viganja viwili mpaka usikie mfupa umelia "kata". Hapo analala bapa, mapaja juu, joto linawafikia wote sawa. Digrii 425 za Farenhaiti, dakika 80 hadi 100 badala ya saa tatu na nusu na zaidi. Usitegemee saa, tegemea kipimajoto: paja kwa ndani na kidari sehemu nene, digrii 165, ncha isiguse mfupa kwa sababu mfupa unadanganya.

Usisahau kutafuta kifuko cha firigisi, ini na shingo tumboni au chini ya ngozi ya shingo. Kuna wanaokioka na karatasi yake.

Bi_Peachtree (Atlanta)

Kwa majirani wa Georgia, bata mzinga ni mgeni mwalikwa. Wenye meza ni makaroni ya jibini, mboga za majani, mkate wa mahindi na pai ya viazi vitamu. Watakuletea wenyewe ukiwaambia, ila uliza mapema nani anapika makaroni. Katika familia nyingi hilo ni jukumu la mtu maalumu, na kumpokonya ni kumvunjia heshima.

Ukipewa wewe, basi paundi moja ya makaroni kwa paundi moja na robo ya jibini kali ya cheda. Kwa watu wako 19 tengeneza mara mbili. Jibini uikwangue mwenyewe. Ile iliyokwanguliwa kiwandani imenyunyiziwa wanga isigandane, na wanga huo ndio unaoufanya mchuzi uwe wa mchanga. Makaroni uyatoe dakika mbili kabla hayajaiva, yatamalizikia kwenye oveni.

Mboga zao, collard, ni ndugu kabisa wa sukuma wiki, isipokuwa haikatwi nyembamba wala haikaangwi dakika tano. Inachemshwa saa moja na zaidi na nyama ya moshi. Kwa kawaida ni ya nguruwe, lakini bawa la bata mzinga la moshi linafanya kazi ileile, na familia nyingi za weusi tayari zimehamia huko. Waombe kwa upole, watakuelewa.

Kusini mwa Marekani hawatumii mkate wa ngano wenye viungo, wanatumia mkate wa mahindi, nao huuita dressing. Uoke kwenye trei yake. Ukiujaza tumboni mwa ndege, lazima katikati yake pafike digrii 165 nako, na mpaka pafike nyama imeshaharibika. Tena ndege aliyepasuliwa hana tumbo la kujaza.

Mwana_Kivu (Louisville, Kentucky)

Mama, salaamu. Watu wa Bukavu wape sombe (kisamvu) na bugali (ugali), watafurahi kuliko bata mzinga. Sombe ya barafu iliyotwangwa iko kwenye maduka ya Kiafrika. Kwa watu 19 wenye vyakula vingine, paketi nne za paundi moja. Ichemshe kwanza peke yake, sufuria wazi bila kifuniko, ili ile sumu ya majani ya muhogo itoke na mvuke. Saa moja na nusu ndiyo kiasi kizuri. Halafu kitunguu, bilinganya, pilipili hoho, na mawese mwishoni, vijiko vinane hivi. Kama unatia karanga, tangaza, maana watoto wa hapa wengi wana mzio.

Ipike Jumatano. Sombe ya siku ya pili ni tamu zaidi, na jiko lako litapumua Alhamisi. Bugali isongwe dakika ya mwisho, wageni wakiwa wamekwisha kaa.

AbuSalim_MN (Minneapolis)

Assalaam alaykum. Dada, bata mzinga wa halali uagize bucha wiki mbili au tatu kabla, karibu na sikukuu huisha. Uliza pia kama anauzwa mbichi au wa barafu, maana hesabu ya siku inabadilika.

Lakini ndege siye anayewatega watu, ni vile vinavyoonekana havina nyama. Viazi vitamu vyenye marshmallow (peremende laini) juu: jelatini yake mara nyingi ni ya nguruwe. Zipo za halali na zipo zisizo na jelatini kabisa, au weka pekani na sukari guru badala yake. Mkate wa viungo: wengi hutia soseji ya nguruwe. Ganda la pai la dukani: baadhi lina mafuta ya nguruwe. Maharage mabichi ya oveni: watu hunyunyizia bekoni. Sosi ya kranberi haina neno, na ni rahisi: mfuko wa aunsi 12, kikombe kimoja cha sukari, kikombe kimoja cha maji, dakika kumi hadi zianze kupasuka. Ikipoa inaganda yenyewe, usiongeze unga.

Weka vibandiko vidogo mbele ya kila sahani, "ina karanga", "halali", "ina maziwa". Na kila sufuria na mwiko wake.

MamaWawili

Ahsanteni sana, nimeshaandika yote. Wifi anauliza kama alete lazanya. Na grevi, ule mchuzi mzito wa kumwagia nyama? Kila nikiijaribu inafanya madonge. Halafu hiyo oveni moja bado inaninyima usingizi.

Nonna_wa_Pwani (Boston)

Mwambie alete. Familia nyingi za asili ya Italia hula lazanya au ravioli kwanza, ndipo bata mzinga anafuata. Kwa meza yenu trei moja ya inchi 9 kwa 13 inatosha, ikatwe vipande vidogo 20. Iwe imeokwa kwake, ije imefungwa taulo, isiingie kwenye foleni yako. Aulize pia habari ya nyama, soseji ya Kiitaliano kwa kawaida ni nguruwe. Mchicha na jibini ya rikota inamaliza maneno.

FundiJiko (Dallas)

Grevi usiingoje Alhamisi. Jumatano choma mabawa ya bata mzinga paundi tatu kwa digrii 400, saa moja, mpaka yawe kahawia kabisa. Yatie kwenye sufuria pamoja na shingo, firigisi na lita tatu za maji, yachemke pole pole saa tatu, uchuje. Ini usitie, linatia supu uchungu. Kwa kila kikombe cha supu, siagi vijiko viwili vikubwa na unga wa ngano viwili. Kaanga unga kwenye siagi hadi unukie kama njugu, ndipo umimine supu kidogo kidogo huku unapiga kwa mchapo. Madonge hutokea unga mkavu unapotupwa kwenye supu ya moto: nje unaiva mara moja na kufunga unga mbichi ndani. Supu itakayobaki pikia pilau yako, ni bora kuliko maji.

Oveni sasa. Jumatano: pai, kranberi, sombe, supu, na makaroni uyapange kwenye trei bila kuoka. Pai ya boga ianze na digrii 425 dakika 15, kisha 350 dakika 40 hadi 50, itoke katikati ikiwa bado inatikisika kidogo. Ukisubiri igande yote, itapasuka ikipoa.

Alhamisi saa sita na robo mchana ndege anaingia. Saa nane kasoro kumi yuko nje, apumzike dakika 40, funika kwa karatasi ya alumini kwa kulegeza, usibane, ngozi italainika. Saa hiyohiyo shusha oveni hadi 375, ingiza makaroni, mkate wa mahindi na viazi vitamu, rafu mbili, hadi saa tisa kasoro robo. Makaroni yawe yametoka friji saa moja kabla, vinginevyo kingo zitaungua na kati pa baridi. Pilau iko juu ya jiko kuanzia saa saba na nusu, kilo moja na nusu ya mchele inatosha. Ndege akatwe saa nane na nusu: kidari kitoke kizima kwenye mfupa, ndipo ukate kukingama nyuzi za nyama.

Dada_wa_Scarborough (Toronto)

Sisi wa Kanada tulishamaliza, yetu ni Jumatatu ya pili ya Oktoba. Nyongeza moja tu: viazi vya kuponda visipigwe kwa mashine. Wanga unatoka na vinakuwa gundi. Tumia mwiko, siagi kwanza, maziwa ya moto baadaye.

MamaWawili

Nimeelewa, jamani. Bucha nimeshampigia simu, na majirani wameniambia makaroni ni ya bibi yao. La mwisho: mabaki?

AbuSalim_MN (Minneapolis)

Vyote vya moto viingie friji ndani ya saa mbili, kwenye vyombo vifupi, siyo sufuria nzima, maana katikati hukaa na joto mpaka asubuhi. Siku tatu hadi nne ndiyo mwisho wake. Nunua vyombo vya plastiki 20 mapema, kila mgeni aondoke na fungu lake. Mgongo ulioukata uhifadhi, na mifupa ikibaki itupie pamoja kwenye sufuria Ijumaa na tangawizi, ndimu na pilipili mbichi.