Ushauri wenu wadau: tumemaliza kusoma Dracula, sasa kikundi kiangalie filamu ipi?

Kurasa_AreaC
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha wasomaji hapa Dodoma kimemaliza sura ya 27, ya mwisho, ya Dracula, riwaya ya Bram Stoker kuhusu mnyonya damu. Tuko watu 25 hivi, mdogo kabisa ana miaka 16. Mwezi wa saba tunataka kuangalia filamu moja kwa pamoja uani kwa mwenzetu, kisha tuijadili kwa Kiswahili.

Walioiona ile filamu ya Dracula ya 1992 wanasema sicho kitabu walichosoma, na nakubaliana nao kabisa. Kitabu kinatisha kwa sababu Dracula haonekani sana. Ukiziacha sura nne za mwanzo kule kwenye kasri, mara nyingi anabaki kuwa popo dirishani, ukungu chini ya mlango, mbwa mkubwa anayeruka kutoka melini. Unamwogopa kupitia shajara na barua za watu wengine. Filamu inamleta mbele, inampa machozi na mapenzi, na ule ubaridi wa Demeter, meli inayomleta Uingereza, unayeyuka.

Naomba ushauri: filamu ipi, tuionyesheje nje ikaonekana, na tuieleze vipi kwa Kiswahili bila kuzua taharuki mtaani.

Mbuyu_Makulu
Mkuu, hongereni kwa kumaliza. Wengi huishia sura ya 9 hadi ya 12, Lucy, binti anayenyonywa damu, anapougua na mambo yanajirudia.

Kabla ya kuchagua, jueni kila filamu ilichota wapi. Ya 1931 ya Tod Browning, ambayo Bela Lugosi ndiye Dracula, haikutoka moja kwa moja kitabuni. Ilipitia tamthilia ya jukwaani, ndiyo maana baada ya kasri watu wanakaa sebuleni wakizungumza. Anayesafiri kwenda Transylvania humo ni Renfield, ambaye kitabuni ni mgonjwa wa akili hospitalini, si wakili Jonathan Harker. Tena karibu haina muziki wa kusindikiza, na ukimya huo unatisha mkiwa ndani. Mkiwa uani, bodaboda ikipita tu umekwisha.

Ya 1958, ya Terence Fisher, ina Christopher Lee na Peter Cushing. Fupi, dakika 82, inakwenda mbio. Jonathan anafika kasri akijifanya mkutubi kumbe ni mwindaji wa wanyonya damu, safari ya meli imefutwa yote, na Uingereza yenyewe haimo. Ina rangi, na damu yake ni nyekundu haswa.

Ya 1992 ya Francis Ford Coppola inabeba jina la Stoker na wahusika karibu wote, hata Quincey Morris, Mmarekani mmoja wa wanaomwinda Dracula, ambaye wengine humtupa. Lakini yale mapenzi ya Dracula na Mina, mke wa Jonathan, hayamo kitabuni. Kitabuni Mina analazimishwa kunywa damu, ni shambulio. Kugeuza shambulio kuwa penzi ndiko kunakowaudhi wasomaji wako, na wana haki. Halafu kuna utupu mwingi. Mwenye miaka 16 asiwepo.

Inayokikaribia kitabu kuliko zote ni Count Dracula ya BBC ya 1977, Louis Jourdan akiwa Dracula. Ni ya saa mbili na nusu hivi, na picha yake ni ya televisheni ya zamani: ukiikuza kwenye ukuta inafifia.

Kwa uani wenu napendekeza Nosferatu ya F.W. Murnau, filamu ya Kijerumani isiyo na sauti, 1922.

Sura_ya_Saba
Mbuyu, hapo sikubaliani nawe sana. Nosferatu imebadilisha majina yote: Dracula ni Orlok, Jonathan ni Hutter, Mina ni Ellen. Uwindaji wote umeondolewa. Kitabuni kuna masanduku 50 ya udongo. 29 yanakutwa Carfax, nyumba aliyoinunua Dracula, na 21 yamesambazwa London, nao wanayasaka moja baada ya jingine mpaka linabaki moja linalokimbizwa kwa meli hadi bandari ya Galatz, Romania. Hesabu ile ndiyo moyo wa nusu ya pili. Na Mina ndiye anayepiga chapa shajara zote na kuzipanga kwa tarehe ili waelewe adui yao anafanya nini. Ellen hapewi kazi hiyo. Yeye anajitoa kafara tu, basi.

Jingine: watu wataondoka wakiamini jua linamuua Dracula. Halimuui. Kitabuni anatembea London mchana, na Jonathan anamwona Piccadilly. Jua linampunguzia nguvu tu. Kifo cha jua kimeanza na filamu hii ya 1922, kikaigwa hadi kikageuka kanuni. Dracula wa Stoker anakufa tarehe 6 Novemba jua likizama, kwa visu viwili: cha Jonathan shingoni, cha Quincey moyoni. Hata kigingi hakikutumika kwake. Kigingi kilikuwa cha Lucy.

Mbuyu_Makulu
Yote kweli, na ndiyo sababu inafaa kwa mjadala. Waliosoma watayaona mabadiliko wenyewe. Na sehemu ya mabadiliko ilikuwa kukwepa hakimiliki: hawakuomba ruhusa, mjane wa Stoker akashtaki, na mwaka 1925 mahakama Ujerumani ikaamuru nakala ziharibiwe. Zilizokwisha kusambaa zikaiokoa filamu.

Cha muhimu zaidi kwa mkuu: melini ndipo Murnau anawashinda wote. Orlok anainuka kutoka kwenye jeneza akiwa amenyooka kama ubao, bila kukunja goti. Ule ubaridi wa sura ya 7 unaoutafuta uko pale.

Fundi_Mwanga
Niingie upande wa vifaa.

Kwanza nakala. Filamu hii haina sauti na mtandaoni ziko nyingi mbovu. Tafuteni iliyokarabatiwa, yenye dakika 94 hivi na iliyotiwa rangi: buluu kwa usiku, manjano kwa mchana na ndani ya nyumba. Hili si pambo. Siku zile walipiga picha za usiku juani, kisha wakatia buluu. Ukichukua nakala ya nyeusi na nyeupe tupu, Orlok anabeba jeneza lake mtaani mchana kweupe, halafu mwishoni mnaambiwa jua limemuua. Watazamaji watawauliza na hamtakuwa na jibu. Nakala ya dakika sitini na kitu mara nyingi inakimbizwa. Watu wanatembea kama wamewashwa moto. Mkikwama na hiyo, shusheni kasi ya VLC, programu ya kuchezeshea video, hadi 0.75.

Projekta: msidanganyike na namba ya kwenye boksi. Tafuteni iliyoandikwa lumeni za ANSI, kipimo cha mwanga, 3000 kwenda juu, maana filamu za kutisha zina giza jingi na projekta dhaifu inaligeuza kijivu. Nyingi za kukodi zinahitaji umbali wa mara 1.5 ya upana wa picha. Picha ya upana wa mita 2.4 ina maana projekta ikae mita 3.6 kutoka ukutani. Nosferatu ni ya umbo la zamani, karibu mraba, kwa hiyo kwa kimo hichohicho cha mita 1.35 mtapata upana wa mita 1.8 na pembeni kutakuwa na weusi. Msiivute ijaze. Orlok akinenepa hatishi tena.

Mwezi wa saba Dodoma ni upepo. Shuka jeupe litavimba kama tanga, na nusu ya mwanga itapita upande wa pili. Tumieni ukuta uliopigwa chokaa au rangi nyeupe isiyong'aa. Ukuta ukiwa na mng'ao, katikati patakuwa na doa la mwanga. Kama lazima shuka, ziwe mbili zimeshonwa pamoja, zifungwe kwa kamba juu, chini na pembeni zote, na ukuta uwe nyuma yake. Vumbi nalo: projekta iwe juu ya meza, mgongo kwa upepo, na chujio lake lifutwe kabla na baada.

Jua linazama saa 12:40 hivi jioni. Msianze kabla ya saa 1:15 usiku. Watu waje na masweta, kipupwe chetu hakina huruma baada ya saa mbili.

Umeme: projekta ya balbu inakula wati 250 hadi 300. UPS ndogo ya 650VA, yaani betri ya akiba, haitawamalizia filamu, itawapa dakika chache tu, lakini ndizo mnazohitaji. Balbu ikizimika ghafla feni haipozi, na hapo ndipo zinapopasuka.

Kurasa_AreaC
Shukrani sana Fundi, ukuta upo. Sasa maandishi ya kwenye filamu ni ya Kijerumani au Kiingereza. Tutengeneze sabtaito za Kiswahili?

Zeze_la_Mvumi
Hapana, msomeeni. Filamu bila sauti inamtaka msimulizi, na sisi tunao utamaduni huo tangu enzi za Lufufu, yule msimulizi wa filamu za kigeni kwenye vibanda umiza. Mtu mmoja mwenye sauti nzito asome tafsiri kila maandishi yanapotokea, akae kimya kabisa katikati. Akianza kueleza kila tendo ameiua. Aandike tafsiri yote kwenye daftari kwanza na kuipitia mara mbili filamu ikikimbia, kwa sababu baadhi ya maandishi yanakaa sekunde chache tu.

Na muziki wa nakala uzimeni. Tafuteni mpiga zeze na mpiga ilimba, ile marimba ndogo ya vidole. Filamu ina vitendo vitano, kwa hiyo mpeni mpango wa vitano: mji wa mwanzoni, ilimba nyepesi; safari ya milimani, zeze peke yake, polepole; kasri, noti mbili zinazojirudia; melini, kimya kabisa Orlok anapoinuka, zeze lirudi akishatoka kwenye picha; mwisho, vyote viwili. Ngoma kubwa ziacheni, zitaujaza mtaa uani kwenu.

Kalamu_ya_Kisasa
Tafsiri ndipo mtu anapojikwaa, nisikilizeni.

Msitumie tafsiri ya mashine. Cheo cha Dracula kwa Kiingereza, Count, kinafanana na neno la kuhesabu, na mashine inaandika "Hesabu Dracula". Mwiteni Mwinyi: bwana mwenye ardhi na watu chini yake. Linamkaa.

Msimwite msukule. Msukule ni mtu aliyechukuliwa, hana utashi, anatumikishwa na mwingine. Dracula ni kinyume chake, yeye ndiye anayetumikisha. Aliye karibu na msukule ni Renfield, na hata yeye anamgeuka bwana wake mwishoni.

Mzimu pia hapana. Mizimu ni wahenga, wana heshima yao na matambiko yao. Kumweka huyu pamoja nao ni kuwavunjia heshima.

Linabaki mumiani, neno zuri sana na la hatari. Kwa asili ni dawa nyeusi iliyoletwa na wafanyabiashara, watu wakasadiki imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Enzi za ukoloni likawa jina la watu waliodhaniwa kukamata wenzao na kuwatoa damu, pamoja na wale walioitwa wazimamoto. Kwa hiyo mumiani wetu ni mtu hai, mwenye vifaa, anayechukua damu kuiuza. Hanywi. Ndani ya mjadala wenu linganisheni, mtapata usiku mzima wa mazungumzo. Kwenye tangazo lisionekane.

Binti_Chilonwa
Namuunga mkono Kalamu, na naomba hili lichukuliwe kwa uzito. Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya yetu ya Chamwino, watafiti wawili wa udongo na dereva wao waliuawa kwa kudhaniwa ni wanyonya damu. Walikuwa kazini. Si mbali na hapo mtakapokaa.

Basi fanyeni hivi. Mwenyekiti wa mtaa na balozi aarifiwe mapema, kwa mdomo, na aalikwe aje akae mbele. Mwaliko uwe wa majina, usiwe bango wala kipaza sauti. Neno damu lisiwemo. Andikeni "filamu ya mwaka 1922 kutoka Ujerumani, na zeze". Mtu asivae joho wala kujipaka rangi nyekundu mdomoni kwa utani. Asipige picha za watoto wa jirani gizani. Geti liwe wazi ili anayepita aone ni sinema. Mkitoza kiingilio au kuita umma hilo ni onyesho la hadharani, na Bodi ya Filamu inahusika. Kaeni kwenye kikundi chenu.

Na mtakapojadili sura za Lucy kuongezewa damu, mwongozaji awe amejiandaa. Anaongezewa mara nne, kutoka kwa mchumba wake Arthur, madaktari Seward na Van Helsing, na Quincey, bila kupimwa kundi, kwa sababu kitabu ni cha 1897 na makundi ya damu yaligunduliwa na Karl Landsteiner miaka michache baadaye. Semeni wazi kwamba hospitalini leo damu hupimwa na kulinganishwa kwanza. Mtu asiondoke na woga wa kuchangia damu.

Sura_ya_Saba
Dada Binti, asante. Hilo limenifanya nikubali Nosferatu pia: haina tone la damu la kutisha macho.

Mkuu, ongezeni kitu kimoja. Kabla ya filamu, mtu asome kwa sauti kipande cha sura ya 7, kumbukumbu za nahodha wa Demeter, zile za mabaharia kupotea mmoja mmoja. Dakika kumi zinatosha, na taa zote zizimwe isipokuwa ya msomaji. Kitabu kinapatikana bure kihalali Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, namba 345. Ila sura ya 6 msiijaribu kwa sauti, yule mzee Swales anaongea lahaja ya Whitby, mji wa pwani Uingereza, na msomaji atakwama.

Kurasa_AreaC
Tumeafikiana: 1922, nakala ya rangi, msimulizi na zeze. Mwenyekiti nitamwendea kesho asubuhi. Fundi, projekta tuijaribu siku moja kabla au siku hiyohiyo?

Fundi_Mwanga
Siku moja kabla, saa ileile, mahali palepale. Wekeni tukio la jeneza mtaani. Kama mtu aliyekaa nyuma kabisa anauona ukingo wa jeneza la Orlok kwenye buluu, mwanga unatosha. Asipouona, sogezeni projekta mbele hadi upana ubaki mita 1.5 na mjaribu tena.