Printa za risiti zisizoelewa UTF-8 zizuiwe bandarini!

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie. UTF-8 ni ule mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote kama namba.

Natengeneza programu za mauzo za maduka na migahawa midogo. Mteja wangu kanunua printa ya risiti ya milimita 58, zile za Bluetooth, boksi limejaa majigambo kwamba inajua lugha zote. Tumeiwasha mchana, foleni imejaa. Mhudumu kabonyeza "Supu ya ng’ombe", karatasi ikatoka "Supu ya ng鈥檕mbe". Mnaona? Siyo ritifaa (’) tu iliyoharibika, hata o imemezwa! Simu huandika ritifaa iliyopinda, ambayo kwa UTF-8 ni baiti tatu, yaani vipande vitatu vya data. Printa yenyewe imetoka kiwandani ikiwa kwenye GBK, mfumo wa herufi wa Kichina, inasoma baiti mbilimbili, kwa hiyo ile ya tatu ikaenda kuoana na o. Na "½ kuku" je? Ikatoka 陆 kuku. Hiyo herufi Wachina huiandika kwenye hundi kumaanisha sita. Mtu kaagiza nusu, risiti inamdai kuku sita!

Nampigia muuzaji, ananijibu, "Kaka, si uzime Kichina uchague jedwali lingine la herufi." Nikazima. Ikaangukia jedwali 437 (jedwali ndiyo orodha ya baiti ipi ni herufi ipi), lile la IBM PC ya 1981, na ½ sasa inatoka ┬╜. Kuchagua jedwali kuna amri yake, ESC t na namba, ila namba zenyewe kila kiwanda na zake. Kwa printa za Epson, 16 ni Windows-1252, jedwali la herufi za Ulaya Magharibi. Kwa hii yangu, Mungu ndiye ajuaye, maana kijitabu chake hakisemi kitu. Na hata ukiipata hiyo 1252, ũ na ĩ za Wakikuyu na Wakamba hazimo, ŋ ya Waganda haimo.

Kisingizio cha watengenezaji ni kwamba printa ndogo, chipu ndogo, kumbukumbu ndogo. Haya, tupige hesabu. Herufi moja ya Kilatini ya nukta 12 kwa 24 inakula baiti 36. Kundi zima la Latin Extended-A, lenye hizo ũ, ĩ na ŋ, lina herufi 128, yaani baiti 4,608. Huyohuyo mtengenezaji kapata nafasi ya kuweka herufi za GBK, za Kichina peke yake zinapita 20,000, kila moja baiti 72 kwa nukta 24 kwa 24! Na UTF-8 siyo teknolojia ya juzi, Ken Thompson na Rob Pike waliibuni 1992.

Najua kuna watakaosema chapa risiti kama picha. Ndivyo ninavyofanya sasa, na ndiyo maana nalalamika. Mstari wa maandishi kwenye karatasi hii ni herufi 32, basi ni baiti 32 za jedwali la kawaida. Ukiugeuza picha ya nukta 384 kwa 24 unakuwa baiti 1,152. Upitishe hiyo kwenye Bluetooth ya bei chee, mteja kasimama mbele yako anasubiri chenji.

China walipotoa GB 18030, kiwango chao cha herufi, mwaka 2000 walikifanya sharti kwa bidhaa zinazouzwa kwao, na viwanda vikatii. Sasa TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, wanashindwa nini kuweka sharti moja tu? Printa yoyote ya maandishi ipokee UTF-8 tangu inapowashwa, iwe na herufi zote za Kilatini zinazotumika huku kwetu, na kwa herufi isiyokuwa nayo ichape kiboksi kitupu badala ya kumeza herufi ya jirani. Majedwali mengine yabaki ya hiari. Kiarabu sikilazimishi kwa hizi za bei ya chini, maana kuunganisha herufi na kuandika kutoka kulia ni kazi nyingine kabisa.

Mwenye modeli inayopokea UTF-8 bila kuchokonolewa aitaje hapa, na bei yake. Ila asije mtu kuniambia nibadilishe ritifaa ndani ya programu. Hilo nililifanya kabla ya kuhamia picha, na Wambũi bado alitoka Wamb?i.