Matunda makavu ya elda: naweza kuyaroweka kama ukwaju?

Bint Micheweni (Pemba)

Assalaam aleikum wanajukwaa.

Dada yangu yuko Uingereza. Kampa mtu aliyekuja likizo pakiti mbili atuletee: moja ya matunda meusi makavu yanayofanana na pilipili manga, nyingine ya maua makavu. Anasema ni ya mti uitwao elda, Sambucus nigra, na wenyeji wa huko wanautumia kwa mafua na homa. Shangazi yangu kifua kinambana na anakohoa tangu kusi ilipoanza kuvuma, na yeye keshaamua la kufanya: matunda yarowekwe usiku kucha kwenye maji ya mtungi, asubuhi ayakamue kama ukwaju, achuje, anywe. Nimemwambia angoje niulize.

La pili. Pamoja na pakiti, dada kaniandikia kwamba huu mti ndio nyota yangu. Eti Wakelti, watu wa kale wa Ireland na Wales, waligawa mwaka kwa miti 13, na aliyezaliwa baina ya 25 Novemba na 22 Disemba ni mtoto wa elda. Mimi ni wa Disemba mwanzoni. Lakini babu yetu, Mungu amrehemu, alinipigia hesabu kwa jina langu na la mama, akasema nyota yangu ni Mizani. Nishike lipi?

Na hili pia kaliandika dada, kwamba kwa Wakelti hao mti una mwenyewe ndani yake, haukatwi mpaka uombwe ruhusa, lina asili? Shangazi aliposikia alisema mti wenye wenyewe asiletewe nyumbani kwake. Usiku akauliza pakiti iko wapi.

Ami Baharia (Wete)

Waaleikum salaam mwanangu. La shangazi kwanza, kwa sababu haliwezi kungoja: asiroweke. Mwambie leo hii, kabla hajalala.

Ukwaju na elda havina mwendo mmoja. Majani ya elda, magamba, vijiti, matunda mabichi, hata mbegu ndani ya tunda lililoiva, vyote vina kitu ambacho kikifika tumboni hutoa sianidi, sumu ileile inayotufanya tuwe na hadhari na muhogo mchungu. Kukausha peke yake hakuiondoi, na maji ya baridi hayaiondoi. Moto ndio dawa yake. Matunda yatokote dakika 20 au zaidi, sufuria iwe wazi mvuke utoke, kisha yachujwe kwa kitambaa, na makapi na mbegu zitupwe. Hapo ndipo mtu ana kinywaji.

Haya sikuyasoma tu. Nilipokuwa baharia nilikaa Cardiff, mji wa bandari wa Wales, na jirani yangu alikuwa bibi wa Kiwelshi aliyeufahamu mti huu kama sisi tunavyoufahamu mkarafuu. Kwao ni mti wa uani, wa ukingoni mwa njia, wala si mkubwa sana. Mwezi wa Juni unatoa maua meupe yenye rangi ya maziwa, madogomadogo, yamekusanyika shada bapa pana kama sahani. Harufu yake nzuri. Jani lake ukilifikicha linanuka vibaya, na yeye alikuwa akilifikicha makusudi, ananipa ninuse, ili nijue lipi la kuliwa na lipi la kuachwa. Maua aliyaroweka kwa malimau na sukari, akapata sharubati. Matunda aliyangoja mpaka Septemba yawe meusi kabisa, akayachambua kwenye vijiti kwa uma, la kijani hata moja halikuingia chunguni. Na hakunionjesha tunda bichi hata siku moja.

Sasa hayo ya mti kuwa na mwenyewe. Yana asili, tena ya kale, lakini dada yako kachanganya nchi. Mama wa Elda anayeombwa ruhusa ni wa Denmark, na Waingereza wa Lincolnshire nao walikuwa naye: mkataji anamwambia bibi wa mti, nipe mbao zako, nami nitakupa zangu siku nitakapoota kuwa mti. Denmark hawakuchonga susu ya mtoto kwa mti huu, wakihofu yule mama atakuja kumvuta mtoto miguu. Hao si Wakelti. Kwa Wakelti mahali pa kwenda ni Isle of Man, kile kisiwa kilicho baina ya Ireland na Uingereza. Kule elda ulipandwa kando ya nyumba kuzuia uchawi, na iliaminiwa kwamba wale viumbe wadogo wasioonekana wanakaa humo. Ireland waliuogopa zaidi kuliko kuupenda. Wakristo wa zama za kati wakaongeza lao, kwamba Yuda Iskarioti alijinyonga kwenye mti huu. Mpaka leo kuna uyoga unaoota juu ya magogo yake, umbo lake kama sikio, unaoitwa sikio la Yuda. Mimi naona mambo haya yanastahili heshima. Mtu anayeomba ruhusa kabla ya kukata hakati ovyo, na hata hapa Pemba kuna miti iliyobaki hai kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu nyota, hapa nitasema kwa nguvu, maana babu yako nilimjua na sipendi hesabu yake ishindwe na kitu kisicho na msingi. Kalenda ya miti 13 si ya Wakelti wa kale. Aliitunga mshairi wa Kiingereza, Robert Graves, katika kitabu chake *The White Goddess* cha mwaka 1948. Wairishi wa kale walikuwa na maandishi ya ogamu, mistari inayochongwa ukingoni mwa jiwe, na hati zao za zama za kati zinaziunganisha herufi hizo na miti. Hilo ni kweli. Graves alichukua herufi 13, akaipa kila moja siku 28, ikawa 364, akaiacha siku ya 23 Disemba peke yake. Elda ikaangukia mwisho. Hakuna hati ya kale inayoonesha Mkelti aliyehesabu miezi hivyo, wala aliyempa mtoto nyota ya mti.

Ukitaka unajimu wa kweli wa mti huu, yuko Nicholas Culpeper, mganga wa London, aliyeandika kitabu cha mitishamba mwaka 1652 kwa Kiingereza cha kawaida ili maskini wajitibu wenyewe. Yeye aliuweka elda chini ya sayari ya Zuhura. Na elimu hiyo aliipata wapi? Ilitoka kwa Wayunani, ikakuzwa na wanazuoni wetu kama Abu Ma'shar wa Balkh, na karne ya 12 vitabu vya falaki na vya Ibn Sina vikatafsiriwa kwa Kilatini. Kwa hiyo babu yako, aliyekaa barazani na hesabu ya abjadi, kila herufi na namba yake, akatoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka kilichobaki kikawa Mizani, na Mizani ni nyumba ya Zuhura, yuko karibu na Culpeper kuliko hiyo kalenda. Kuamini au kutoamini ni baina yako na Mola wako. Lakini ikiwa ni kushika, shika la babu.

Nesi wa Mkoani

Ami kasema vizuri juu ya moto. Naongeza kisa kilichoandikwa: mwaka 1983 huko Monterey, California, watu walikunywa juisi ya aina ya elda ya kwao, iliyokamuliwa mbichi pamoja na majani na vijiti. Walitapika na kuumwa na tumbo, wanane wakapelekwa spitali kwa helikopta. Wote walipona.

Kwa mafua yenyewe, utafiti wa Norway wa mwaka 2004, wagonjwa 60, ulisema waliokunywa sharubati ya elda walipata nafuu siku nne mapema. Utafiti wa Marekani wa 2020, wagonjwa 87, haukuona faida yoyote. Mimi singeiweka mbele ya dakta. Bint Micheweni, shangazi kama amekohoa wiki mbili au zaidi, mpeleke akapimwe makohozi. Na kifua kubana huenda ni pumu, nayo haitibiwi kwa tunda. Anakunywa dawa za presha au sukari?

Msuka Nyavu (Kojani)

Sijui dawa, nauliza mbao. Nimesikia Wazungu walitengenezea sindano za nyavu kwa mti huu. Ni kweli?

Ami Baharia (Wete)

Kweli. Tawi changa lina moyo laini, unautoa kwa kijiti unabaki na bomba. Watoto wa kule walifanyia filimbi. Ila shina lililozeeka ni gumu, jeupe, linashika msasa, na walichongea sindano za nyavu, vichana na vijiti vya kuchomea nyama.

Bint Micheweni

Ahsanteni sana. Matunda nimeyachukua, yako chumbani kwangu. Shangazi anakunywa za presha, na kukohoa kumepita wiki mbili, kesho tunakwenda Micheweni spitali inshallah. Pakiti nimeifungua, kuna vijiti vyembamba vingi ndani. Vina neno? Na maua nayo yachemshwe dakika 20?

Ami Baharia (Wete)

Vijiti vyote toa, kimoja kimoja, juu ya ungo mweupe ili uvione. Maua hayahitaji kutokota: kijiko kimoja kikombeni, mimina maji yanayochemka, funika dakika kumi, chuja. Lakini nenda na pakiti zote mbili spitali, umuoneshe dakta pamoja na vidonge vya presha, na shangazi asinywe hata hayo maua mpaka dakta aseme.