Naomba ushauri: matembezi ya utulivu Karura kwa wenye msongo wa mawazo

Wadau, habari zenu. Tunapanga matembezi katika msitu wa Karura, Nairobi, kwa watu wanane wenye msongo wa mawazo, kwa mtindo ambao Wajapani waliupa jina shinrin-yoku (yaani “kuoga” hewa ya msitu) mwaka 1982. Ni kilomita mbili tu kwa saa mbili: simu zimezimwa, dakika 15 za kwanza hakuna maongezi, kisha kila mtu anakaa peke yake dakika 20, akinusa udongo na majani yaliyolowa. Wakikimbizwa, inageuka mazoezi. Kiongozi akihubiri njiani, ndiyo inaharibika kabisa. (Dawa za hospitali haziachwi, hilo halina mjadala.)

Kinachotutatiza ni hizo dakika 20. Aliyewahi kuvamiwa, kijiti kikivunjika tu nyuma yake, moyo unamwenda mbio na utulivu wote umekwisha. Je, tumkalishe ameegemea mti mnene, akiiona njia na wenzake mita kumi hivi? Au aanze na dakika tano, macho wazi, tuwe tunaongeza kila wiki? Na siku za kazi asubuhi, njia ipi ni tulivu bila kuwa na upweke wa kutisha?