Jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu vitamini D kabla ya kurudi Uingereza

Assalamu alaikum dada zangu,

Dada yetu ameuliza kama wiki sita alizokaa Mombasa zinatosha kumvusha majira ya baridi bila vidonge. Nimeishi Uingereza miaka mingi, na sasa nawaandikia nikiwa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kwa mama yangu. Jibu langu ni kwamba hazitoshi, kwani akiba ya mwilini hupungua wiki baada ya wiki, na kule kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi jua huwa chini mno kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini hiyo.

Tena tujiulize ni jua gani tulilolipata hapa likizoni. Tunatoka mlangoni na buibui, tunaingia tuktuk, tunashukia mlango mwingine. Jana nilimtazama mama akianua nguo uani, ushungi ameuteremsha mabegani na mikono ameikunja hadi viwikoni, na jua likimpiga kwa stara kamili. Mwanamke wa Mji wa Kale hulipata jua lake uani, na nyumba nyingi tunazopanga Uingereza hazina uani. Kukaa dirishani hakusaidii, kwa sababu kioo huzuia miale inayohitajika, na ngozi yetu nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe.

Mimi niliumwa na miundi na nyonga kwa zaidi ya mwaka, nikipanda ngazi kwa kushika ukuta, na daktari wa kwanza aliniambia ni uchovu wa kazi ya kusimama. Nilipopimwa damu hatimaye, vitamini D ilikuwa chini sana. Kwa hiyo dada, ukiumwa hivyo, omba kipimo hicho kwa jina lake.

Huduma ya afya ya Uingereza inashauri kila mtu afikirie kumeza maikrogramu 10 kwa siku katika miezi ya baridi. Wenye ngozi nyeusi, na wanaojifunika sehemu kubwa ya mwili, wanashauriwa kufanya hivyo mwaka mzima, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa kuacha vidonge mara tu joto linapoanza. Chupa nyingine huandikwa vizio 400 (IU), nacho ni kipimo kile kile. Mtu mzima asipite maikrogramu 100, yaani vizio 4,000, kwa siku bila agizo la daktari, kwa kuwa kuzidisha kwa muda mrefu hupandisha kalsiamu katika damu na huweza kudhuru figo.

Wanaohofia jelatini ya nguruwe katika maganda ya vidonge laini wachague vidonge vigumu au matone, na wasome maandishi ya chupa.

Wassalamu,
Ndugu yenu, Kibokoni

*

Waalaikum salaam mwanangu,

Naongeza kuhusu chakula na watoto. Sadini, makareli na kiini cha yai vina vitamini D, lakini chakula peke yake ni vigumu kutosheleza. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama apewe matone ya maikrogramu 8.5 hadi 10 kila siku tangu kuzaliwa, kwani upungufu ukizidi huleta matege. Mama mjamzito naye asiache zile 10 zake, ila asimeze mafuta ya ini la samaki, kwa sababu vitamini A iliyomo humo yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Shangazi yenu