Spana malaya ya inchi 8 au 10, au ninunue seti? Nipo Mtwara, naenda dukani Jumamosi

Kijana_wa_Nanguruwe
Habari za jioni wakubwa kwa wadogo. Nataka kununua spana malaya, ile ambayo mdomo wake unaupanua na kuubana kulingana na nati, Jumamosi nitashuka mjini. Nimeshaona tatu. Ya kwanza ni inchi 8, inang'aa kama kioo, elfu 9. Ya pili inchi 10, mpini umevikwa plastiki nyekundu, elfu 15. Ya tatu ni ya mtumba, inchi 10 nayo, nyeusi na nzito, muuzaji anataka elfu 30 na hapunguzi. Kuna rafiki ananiambia niachane na zote ninunue seti ya spana. Hela yenyewe ni ya kuungaunga, sitaki kukosea. Nichukue ipi?

Fundi_Mikindani
Mwanangu, unaomba dawa hujasema unaumwa wapi. Unaenda kufungua nini? Pikipiki, mabomba ya maji, mashine ya boti? Nati za namba ngapi, yaani upana wa milimita ngapi? Una spana nyingine au unaanza mikono mitupu? Jibu hayo kwanza.

Nati17
Seti, kaka. Ringi, ile ya kichwa cha duara, na flati, ile ya mdomo wazi, kuanzia namba 8 mpaka 24. Spana malaya inaharibu nati za watu, nimeyaona mengi gereji.

Dada_Bloa_Lindi
Nati17, seti nzuri ya kufika namba 24 anaipata wapi kwa hela hiyo? Seti za bei ya chini midomo yake inapanuka wiki ya kwanza. Mwacheni kwanza aseme bajeti na kazi.

Kijana_wa_Nanguruwe
Shikamoo Fundi. Samahani, nilipaswa kusema mapema. Nina bloa mbili za kupulizia mikorosho, na majirani huniletea za kwao zikisumbua. Halafu nina pikipiki yangu ya kubebea salfa, dawa ya mikorosho, na maji. Vifaa nilivyo navyo ni plaizi moja, bisibisi mbili na spana ya plagi. Bajeti ni elfu 30, zaidi ya hapo sina. Na swali jingine: hiyo inchi 8 ni upana wa mdomo ukifunguka wote, au ni nini?

Fundi_Mikindani
Marahaba. Hapo sasa tunaongea.

Inchi 8 ni urefu wa spana nzima, kichwani mpaka mkiani, kama milimita 200. Inchi 10 ni 250. Mdomo una kipimo chake: ya inchi 8 nyingi hufunguka milimita 24 au zaidi kidogo, ya inchi 10 hukaribia 30. Sasa tazama kazi yako. Bloa nati zake nyingi ni ndogo, namba 8, 10, 13. Ukishika namba 10 kwa spana ya inchi 10, mpini ni mrefu mno, mkono hausikii tena bolti. Unadhani unakaza kumbe unakata. Inchi 10 kazi yake iko kwenye ekseli ya pikipiki.

Ukifika dukani usidanganywe na mng'ao. Shika taya linalotembea kwa vidole viwili, litikise juu na chini, kisha kushoto na kulia. Kucheza kidogo lazima, bila hivyo lisingetembea. Likigonga mpaka unalisikia, irudishe. Halafu funga mdomo mpaka mwisho, uinue kwenye jua. Mwanga ukipenya kwenye ncha wakati shinani pamebana, mataya hayako sambamba, nati itashikwa kwenye kona tu. Mwisho, weka kidole gumba kwenye ile rola, kigurudumu kinachosogeza taya, uipeleke mpaka mwisho na kuirudisha. Iende laini njia nzima.

Na uelewe kwa nini nakwambia haya. Chini ya taya linalotembea kuna meno, na rola ina mfereji uliojizungusha kama skrubu. Nguvu yote unayotia inaishia kwenye meno mawili matatu yanayogusana na mfereji ule. Chuma kikiwa laini, meno yanalala. Ndiyo siri yote ya spana hii, plastiki nyekundu haihusiki.

Mpanda_Makonde
Fundi amesema kweli, mimi nina kovu la ushahidi. Mdogo wangu wa Nanguruwe, soma hii kabla hujatoa elfu 9 yako.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, nilitoka Mtwara kwenda Newala na pikipiki, nimefunga magunia mawili ya salfa nyuma. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimenunua spana malaya ya inchi 8, mpya, inang'aa, duka silitaji. Nimeshaipita Tandahimba, jua linazama, cheni ikaanza kuruka meno. Nikashusha mzigo kando ya barabara ili nilegeze nati ya ekseli ya nyuma, nivute gurudumu nirudishe cheni. Kazi ya dakika kumi.

Nikabana spana kwenye nati, haikutii. Nikasimama, nikaukanyaga mpini kwa mguu. Nikasikia tak. Nati haijageuka hata nywele moja, ila mdomo umepanuka. Rola iko palepale, taya ndilo limeinama kwenda nje kama mlango wenye bawaba moja. Badala ya kuacha nikabana tena, nikavuta kwa mkono wa kulia kwa nguvu zangu zote. Ikateleza. Vifundo vinne vya vidole vikapiga spoku, ngozi ikatoka, nikaona nyama nyeupe kabla damu haijaanza kutoka. Nati nayo kona zote zimelala, duara kama shilingi.

Nilikaa pale mpaka saa mbili usiku. Akapita mzee mmoja anatoka shambani, akarudi kwake akaja na tindo, nyundo na kibatari. Hakusema mengi. Akaweka tindo pembeni ya nati, upande wa kufungulia, akaanza kugonga pole pole, kila pigo linachimba na kusukuma. Ilichukua zaidi ya nusu saa. Akaniosha mkono kwa maji ya kwenye dumu lake, hakutaka hela. Ile spana niliitupa. Mpaka leo baridi ya Newala ikibana, vidole viwili haviwezi kukunja ngumi.

Dada_Bloa_Lindi
Pole sana kaka. Mzee huyo Mungu amzidishie.

Fundi_Mikindani
Pole mno. Lakini nikuulize, si kwa kukulaumu: ulipoukanyaga mpini, taya linalotembea lilikuwa upande gani?

Mpanda_Makonde
Kwa kweli sikutazama. Niliivisha ilivyokaa.

Fundi_Mikindani
Basi chuma kilikuwa kibaya, na huenda upande nao haukuwa sahihi. Spana hii ina mbele na nyuma. Mpini uzunguke kuelekea upande wa taya linalotembea. Hapo nguvu kubwa inabebwa na taya lisilotembea, lile ambalo ni kipande kimoja na mpini. Ukiigeuza, unamtwika mzigo yule dhaifu. Na nati iingie mpaka kwenye koo la spana, usiishike kwa ncha. Bana rola, tikisa kidogo, bana tena mpaka isicheze. Halafu vuta, usisukume, na mguu usiwepo kabisa. Wala usiongeze bomba kwenye mpini.

Nati17
Mnaona sasa? Masharti yote hayo kwa nati moja. Ringi unaivisha tu, inashika kona sita, kazi imekwisha. Na flati ina kichwa kilichopinda digrii 15, ukiwa mahali pembamba unaigeuza tumbo juu, unapata robo ya mzunguko hata kama mpini hauna pa kwenda.

Dada_Bloa_Lindi
Hata spana malaya imepinda hivyohivyo, kaka. Tunaigeuza kila siku.

Nati17
Ukiigeuza huku unaendelea kufungua upande uleule, taya linalotembea linahamia upande mbaya. Fundi amemaliza kusema hapo juu.

Fundi_Mikindani
Hapo Nati17 yuko sahihi. Kwa nati iliyokwisha kulegea geuza utakavyo, haina mzigo. Kwa nati ngumu usigeuze. Ila hiyo robo ya mzunguko si robo. Nati ya kona sita bila kugeuza inataka nafasi ya digrii 60, ukigeuza unahitaji 30.

Nati17
Sawa, 30. Hoja yangu iko palepale.

Mama_Shangani
Samahani kuwakatiza, nina neno kuhusu jina. Binti yangu wa miaka tisa alitumwa na baba yake kwa jirani akaombe hiyo spana. Akarudi kuniuliza malaya ni nini. Nilikosa la kumjibu. Nyinyi mafundi mnafundisha vijana, kwa nini tusiseme spana ya kurekebisha? Duka la vifaa wanaelewa.

Nati17
Mama, jina limekuja kwa sababu inakubali nati yoyote. Hakuna aliyekusudia ubaya, na ukienda gereji ukasema spana ya kurekebisha, kijana atakuletea spana ya kitu kingine.

Mama_Shangani
Sababu naijua mwanangu, na ndiyo inayoniuma. Mtoto wa kike ndiye anayebebeshwa neno hilo barabarani.

Dada_Bloa_Lindi
Mama nakuunga mkono. Nipo kwenye kazi hii miaka sita, kila siku wateja wanalitamka mbele yangu wakiniangalia usoni. Kwenye kibanda changu tunasema ya kurekebisha, na wasaidizi wangu wamezoea.

Mvuvi_Msimbati
Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, wanaiita chave inglesa, ufunguo wa Kiingereza. Niliombwa hivyo ufukweni nikamletea jamaa funguo za kufuli, akacheka sana.

Mwalimu_wa_Ufundi
Jina hilo lina msingi. Mwingereza Edwin Budding, aliyebuni mashine ya kukatia nyasi mwaka 1830, alitengeneza pia spana ya kurekebisha miaka ya 1840. Lakini umbo hili tunaloshika leo, rola chini ya taya, ni la Mswidi Johan Petter Johansson wa mji wa Enköping, aliyepata hataza mwaka 1892. Nati za wakati ule hazikuwa na vipimo vya kufanana, fundi akitoka anabeba rundo la spana. Kampuni ya B.A. Hjorth ikachukua kazi ya kuuza spana za Johansson, ndiko lilikotoka jina la chapa Bahco. Wamarekani nao wengi huiita Crescent, kwa kampuni iliyoanzishwa Jamestown, New York, mwaka 1907. Nawaeleza wanafunzi wangu haya kwa sababu hali ya Johansson ndiyo yetu: bloa ya nchi hii, pikipiki ya nchi ile, nati hazifanani.

Kijana_wa_Nanguruwe
Asante mwalimu. Kwa hiyo kwa nati zisizofanana, ya kurekebisha ndiyo inanifaa?

Mwalimu_wa_Ufundi
Inakufaa kwa nati usiyoijua. Kwa nati unayoifungua kila wiki, nunua spana ya namba yake.

Nati17
Ndiyo maana nasema seti.

Mvuvi_Msimbati
Mnasahau chumvi. Kwetu kitu kinachoua spana hii si nguvu, ni kutu kwenye rola. Ile inayong'aa ikikwaruzwa mahali pamoja, kutu inapita chini ya mng'ao na ngozi inaanza kumenyuka kama ganda la muhogo. Nyeusi nayo inataka mafuta kila mara. Mimi nikitoka kwenye boti naiosha kwa maji baridi ya kisima, naipitishia dizeli, nafuta, kisha grisi kwenye rola.

Fundi_Mikindani
Yote sawa isipokuwa grisi. Grisi na mchanga wa Msimbati vinakuwa msasa. Tone la oili linatosha.

Mvuvi_Msimbati
Oili kwetu inaondoka siku moja, mzee wangu. Grisi inakaa.

Fundi_Mikindani
Inakaa pamoja na mchanga. Mimi nimezifungua nyingi, najua kilichomo.

Kijana_wa_Nanguruwe
Jamani nimeshuka leo Ijumaa, nimepata lifti. Nimefanya kama Fundi alivyosema. Ya elfu 9 taya linagonga waziwazi, nimeirudisha. Ya plastiki nyekundu inacheza kidogo tu, lakini juani mwanga unapenya kwenye ncha, kama unene wa karatasi. Nyeusi ya mtumba mataya yanafungana kabisa, hakuna mwanga, ila rola inakwama katikati ya safari, mpaka niisukume kwa vidole viwili. Muuzaji anasema ni uchafu tu. Nipo hapa dukani.

Dada_Bloa_Lindi
Mdogo wangu, tazama ubavuni mwa kichwa, kuna kiskrubu kinachoshika pini ya rola. Mwombe bisibisi, kitoe hapohapo mbele yake. Rola itatoka na springi yake ndogo, weka kiganja chini isipotee. Pitisha ukucha kwenye meno ya taya, moja baada ya jingine. Yakiwa yote yana kingo kali, ni uchafu. Jino la katikati likiwa limelala, iache.

Nati17
Na kwa elfu 30 hiyohiyo muulize bei ya ringi moja moja, namba 10, 13 na ile ya ekseli yako.

Kijana_wa_Nanguruwe
Anakataa nisifungue mpaka nilipe kwanza.

Mpanda_Makonde
Elfu 30 kwa kitu usichoruhusiwa kukitazama ndani? Mwambie unarudi kesho, uone atasemaje.

Fundi_Mikindani
Au akubali elfu 20 ukiwa hujafungua. Ukiipata, ilete Mikindani kesho asubuhi, tutaifungua pamoja.

Dada_Bloa_Lindi
Na ukienda kwa Fundi beba moja ya zile bloa. Za majirani zikisumbua, nyingi si nati, ni kabureta imejaa vumbi la salfa.

Mpanda_Makonde
Dada, kwa kuwa umeitaja bloa: kamba yangu ya kuwashia inavutika lakini hairudi. Ni springi imekatika au imejifungua tu? Nifungue mada mpya au niulizie hapahapa?