Mrejesho: Jimny iliyonyanyuliwa, usukani umetulia

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini Jimny yangu (gari dogo la Suzuki), tangu inyanyuliwe inchi 2, inatetemeka usukani nikifika 80 barabara ya Kondoa. Wengi mlisema balansi ya matairi. Nikafanya, ikapungua kidogo tu.

Aliyetaja kasta (mlalo wa mhimili ambao magurudumu ya mbele hukatia kona) ndiye aliyepatia. Springi ndefu zilizungusha ekseli ya mbele, kasta ikapungua, usukani ukawa haujirudishi. Fundi hapa Dodoma akafunga bushi zenye tundu lililosogezwa pembeni, ili kurudisha kasta. Bushi ya panadi rodi (fimbo inayozuia ekseli isisogee kushoto na kulia) nayo ilikuwa imekwisha kabisa (aibu yangu, sikuwahi kuikagua). Alaimenti (kunyoosha magurudumu) tukapiga mwisho.

Jana nimeenda Chamwino na kurudi, usukani kimya. Bado inavuta kushoto kidogo, nashuku upepo wa matairi.